Hesabu zikikataa, jaribu 9

Wenzangu mnaofunga hesabu za duka usiku Kariakoo: daftari na pesa ya droo visipolingana, msikimbilie kujumlisha upya. Chukueni tofauti, gawanyeni kwa 9. Isipobaki kitu, mara nyingi ni tarakimu mbili jirani zimebadilishana nafasi wakati wa kunakili. Juzi niliandika 3,287,400 badala ya 3,827,400 (usingizi, jamani). Tofauti ni 540,000. Tano na nne ni tisa, kwa hiyo inagawanyika. Tena 54 kwa 9 ni 6, basi nikatafuta tarakimu jirani zinazotofautiana kwa 6. Hizo hapo, 8 na 2. Ikibaki kitu, kosa ni jingine. Anzeni na risiti zilizosahaulika mfukoni.