Goti la baridi yabisi: mkongojo, mazoezi na joto

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kushika mkongojo upande wa goti linalouma. Ushike kwa mkono wa upande mzima, uende sambamba na mguu mbovu, ndipo goti lipunguziwe uzito. Ukisimama wima mikono ikining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukizidi hapo, bega litauma. Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mbovu.

Tafadhali usilipumzishe goti moja kwa moja. Msuli wa paja ukinywea, mzigo wote hulemea kiungo. Kaa kitini, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, kila siku. Maumivu kidogo ni kawaida. Yakizidi na kudumu zaidi ya saa 2, kesho yake punguza idadi, ila usiache.

Likikakamaa asubuhi, likande kwa maji ya moto kiasi, dakika 15. Likivimba, barafu ndani ya kitambaa, dakika 10.

Ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, huweza kudhuru tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo au shinikizo la damu amuulize daktari kwanza. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.