Tovuti Inasuasua Kwenye Simu? Anza na Picha ya Juu

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Tukuyu alinifuata hapa Mwanjelwa, Mbeya: watu wakitafuta malazi karibu na Ziwa Ngosi, tovuti yake haionekani Google. Nikaifungua kwa simu ya kawaida, kwa bando la kawaida. Kiduara kilizunguka tu. Picha ya juu peke yake, ya Daraja la Mungu (lile daraja la asili la mwamba), ilikuwa na MB 6.

Google ilianza kuhesabu kasi katika kupanga matokeo mwaka 2010, na Julai 2018 ikaiingiza kwenye utafutaji wa simu. Hata hivyo ni kigezo kidogo. Ukurasa mzito wenye majibu mazuri bado unaweza kuupita mwepesi usio na kitu. Kasi husaidia zaidi pale kurasa zinapokaribiana kwa ubora, kwa hiyo usimwahidi mteja nafasi ya kwanza.

Hatua ya 1: Pima

Fungua PageSpeed Insights, tovuti ya bure ya Google ya kupima kasi, bandika anwani ya ukurasa, chagua upande wa simu. Ile alama ya 0 hadi 100 isikusumbue sana, maana ni ya jaribio la maabara, yaani la kuigiza kwa kompyuta. Tazama kwanza takwimu za watumiaji halisi. LCP, yaani muda wa kitu kikubwa zaidi kuonekana kwenye skrini, isizidi sekunde 2.5. INP, jinsi ukurasa unavyoitikia ukiugusa, isizidi milisekunde 200. CLS, kurukaruka kwa vitu, isizidi 0.1. Tovuti yenye wageni wachache huenda isiwe na takwimu hizo. Hapo tumia za maabara.

Hatua ya 2: Picha

Hapa ndipo kazi ilipo. Simu haihitaji picha yenye upana wa pikseli 4000. Ipunguze hadi 1200 hivi, kisha igeuze kuwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi) kwa Squoosh, programu ya kubana picha ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Ile ya Daraja la Mungu ilishuka hadi KB 140, na macho ya mteja hayakuona tofauti.

Andika pia upana na urefu wa kila picha kwenye HTML (msimbo wa ukurasa), nafasi yake itengwe mapema na maandishi yasisukumwe chini mtu anaposoma.

Halafu kuna kosa ninaloliona kila wiki: kuweka loading="lazy", amri inayoiambia picha isubiri hadi msomaji aikaribie, kwenye picha zote. Weka kwenye za chini tu. Ukiiweka kwenye ya juu, unaichelewesha picha ileile inayopimwa na LCP.

Hatua ya 3: Plagini na seva

Kama tovuti imejengwa kwa WordPress, futa plagini (programu za nyongeza) zisizotumika na zile picha zinazojiendesha zenyewe juu ya ukurasa. Washa kache, ili kurasa zilizokwisha tayarishwa zihifadhiwe na zisitengenezwe upya kila mara. Kama seva iko Ulaya au Marekani, tumia CDN, mtandao wa seva zilizotawanyika sehemu nyingi, ili nakala za faili zikae karibu na msomaji.

Hatua ya 4: Subiri

Takwimu za watumiaji hujumlisha siku 28 zilizopita, hivyo usipime kesho yake ukakata tamaa. Fuatilia kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti.

Wakati tunasubiri, nilimwomba mama aandike ukurasa mmoja mpya: njia ya kufika Ngosi kutoka barabara kuu, viatu vya kuvaa, na hali ya njia wakati wa masika. Wageni wake humuuliza hayo kila siku kwa simu.