Kuitayarisha baiskeli kuukuu ya Kijapani kwa milima ya Mbeya na Iringa

Baiskeli ya chuma ya Kijapani inayoshushwa kwenye kontena la mtumba ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka nyumbani kwenda stesheni ya treni, kwenye lami tambarare. Wewe unataka kupanda nayo kutoka Uyole hadi Isongole, au kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini. Fremu haitakuwa na neno. Kitakachokushinda ni gia, na kitakachokuumiza ni breki. Kama mfuko ni mdogo, rangi isubiri. Pesa ianzie kwenye meno ya gia na kwenye breki. Yanayobaki ni mafuta ya taa, brashi, grisi na subira.

Zinazokuja nyingi ni zile za akina mama wa Kijapani: bomba la kati limeinama ili sketi ipite, kikapu mbele, karia nyuma, kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma. Zina uzito wa kilo 18 hadi 20 hivi. Mara mojamoja hutokea ya mbio au ya safari ya miaka ya 1970 na 1980, yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo: Miyata, Fuji, Panasonic, Bridgestone. Ukiona stika ya Tange au Ishiwata yenye maneno "Cr-Mo", hayo ni mabomba ya kromoli, chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni, mepesi na magumu. Ukitaka kujua umri, tazama mgongoni mwa mkono wa pedeli wa Shimano. Vifaa vya miaka hiyo vina herufi mbili: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea; ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. HC ni Machi 1983. Huo ni umri wa kifaa. Fremu inaweza kuwa imebadilishiwa vifaa njiani.

Kabla ya kutoa pesa

Pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, nyuma kidogo ya kichwa cha usukani. Ukigusa kikunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache. Kisha simama pembeni utazame foki: inatakiwa ishuke sambamba na kichwa, halafu ijipinde mbele taratibu. Foki iliyorudi nyuma ni dalili ya ajali ileile.

Jaribu kuzungusha siti na usukani baada ya kulegeza nati zake. Bomba la siti la aluminiamu likikaa miaka mingi ndani ya chuma bila grisi hushikana nacho kama limechomelewa. Si sababu ya kuikataa baiskeli, ila ni sababu ya kushusha bei.

Kutu ya juu isikutishe. Kutu ya kuogopa ni ile ya chini, kwenye boksi la ekseli ya pedeli, ambako maji hutuama. Gonga pale kwa mpini wa bisibisi: mlio wa kengele ni mzuri, mlio mzito wa udongo si mzuri.

Kufungua

Makosa ya siku ya kwanza huwa ni ya mwelekeo wa uzi wa skrubu. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, na hivyohivyo kikombe kinachoshika gololi za ekseli ya pedeli upande wa kulia, upande wa cheni. Vingine vyote vinafunguka kwa njia ya kawaida. Fundi aliyezoea Phoenix ya kotapini, ambayo mkono wa pedeli hushikwa kwa pini, anaweza kutafuta pini asiione: Kijapani nyingi zina ekseli ya pembe nne yenye bolti ya kichwa cha milimita 14, na mkono unavutwa kwa kifaa cha kuvutia chenye uzi wa milimita 22. Safisha uzi wa mkono kwa mswaki, ingiza kifaa chote mpaka kigote, ndipo ukaze. Kikiingia nusu, kinang'oa uzi, na mkono hautatoka tena ila kwa msumeno.

Friwili, yale meno ya gia ya gurudumu la nyuma, ifunguliwe gurudumu likiwa bado zima. Ukishakata spoku huna tena cha kushikilia. Tafuta kifunguo chenye meno yanayolingana na friwili yako, kibane kwenye jiliwa, kisha zungusha gurudumu lenyewe kama usukani wa lori. Tindo na nyundo hupasua friwili na mara nyingi huondoka na uzi wa habu, kitovu cha gurudumu.

Bomba la siti lililoganda linahitaji siku, si nguvu. Simamisha fremu kichwa chini, miminia mafuta ya kulegeza kutoka ndani ya boksi la ekseli, acha usiku kucha. Asubuhi bana kichwa cha bomba la siti kwenye jiliwa, kisha zungusha fremu yote kidogo kulia, kidogo kushoto. Ukisikia mlio wa "kek", limeachia. Ongeza mafuta, usilivute kwa pupa. Likigoma siku tatu, kata lililochomoza, pasua lililobaki kwa ndani kwa msumeno wa chuma kwa urefu, ukikomea pale unapohisi chuma kigumu. Kostiki soda ya watengeneza sabuni nayo hula aluminiamu ikaacha chuma, lakini huchemka, hutoa gesi inayoshika moto na huunguza macho na ngozi. Kama hujawahi kuishika, tumia msumeno. Wala usichome kwa gesi: rangi inaungua, na kiungio cha shaba kinaweza kulegea.

Gololi na grisi

Badilisha gololi zote. Ni vitu vya bei ndogo, na gololi moja iliyochubuka huharibu kikombe ambacho hukipati kirahisi. Ekseli ya pedeli huchukua gololi za robo inchi, 11 kila upande zikiwa huru. Habu ya mbele kwa kawaida ni 10 za 3/16 kila upande, ya nyuma ni 9 za robo inchi. Hata hivyo hesabu zako ulizotoa, na nenda na moja dukani. Ukizijaza mpaka zibanane zitasagana: lazima ibaki nafasi ndogo ya karibu nusu gololi.

Koni, zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli, zikazwe hivi: ekseli ikiwa mkononi, izunguke bila mikwaruzo na bila kucheza; kisha gurudumu likishakazwa kwenye fremu, utikise rimu kwa vidole. Ikicheza kidogo, kaza koni robo ya robo ya mzunguko. Wengi hukaza mpaka ekseli iwe nzito kwa kudhani ni imara, baada ya mwezi koni ina mashimo.

Tairi: hapa ndipo watu hupoteza pesa

Namba ya inchi hudanganya. Soma namba ndogo ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 37-590. Ile ya pili ndiyo kipenyo cha rimu. Ya Kijapani ya inchi 26 x 1 3/8 ni 590. Ya baiskeli ya mlimani ya inchi 26 ni 559, haiingii kamwe. Ya Kijapani ya inchi 27, na ya mbio za zamani za inchi 27, ni 630. Ya Phoenix, 28 x 1 1/2, ni 635. Ya mbio za kisasa ni 622.

Mtego uko kati ya 630 na 635. Tairi la Phoenix linaingia kwenye rimu ya 27 kwa vidole tu, unafurahi. Ukijaza upepo linapanda upande mmoja, tyubu inachungulia na kupasuka. Likikuvumilia kijiweni, litakuruka mteremkoni.

Valvu nyingi za Kijapani ni zile za kipira chembamba ndani. Kipira kikichoka upepo unatoka polepole, na mtu hutafuta pancha siku nzima. Badilisha kipira kwanza.

Gia

Kipimo kizuri ni mita ambazo baiskeli inasogea kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Ya mama wa Kijapani yenye meno 32 mbele na 14 nyuma, tairi la 26, inasogea mita 4.7. Kwa mlima wa Isongole hiyo ni ya kusukuma kwa miguu. Lenga mita 2.7 kwa gia nyepesi kabisa.

Ikiwa na gia tatu za Shimano ndani ya habu, gia ya kwanza huzidisha kwa 0.733, hivyo una mita 3.5. Weka sproketi ya nyuma yenye meno 18 badala ya 14: unapata mita 2.7, na gia ya tatu bado inakutosha tambarare. Tusingezidi 18. Kadiri sproketi inavyokua ndivyo nguvu ya mguu inavyobana meno ya ndani ya habu, na ukipanda umesimama na mzigo, huvunjika. Cheni itahitaji kuongezwa pingili mbili. Isiyo na gia kabisa, jaribu friwili ya Phoenix ya meno 18 au 20. Iingize kwa mkono, na ikigoma baada ya mzunguko mmoja usilazimishe.

Ya mbio ina 52 na 42 mbele, na nyuma huishia meno 24 au 28. Friwili ya gia saba ya 14 hadi 34 inakaa kwenye nafasi ya milimita 126, yaani upana kati ya masikio ya nyuma ya fremu, na kwa 42 mbele inakupa mita 2.7 zilezile. Kihamisha cheni cha zamani cha shingo fupi hakitafika meno 34; weka cha shingo ndefu. Wenzo wa gia wa zamani usiopiga "tik" ubakize: haujali idadi ya gia, unasikiliza mwenyewe na kusogeza.

Fremu ya gia tano ina nafasi ya milimita 120 nyuma. Chuma kinakubali kupanuliwa hadi 126, milimita 3 kila upande, taratibu, upande mmoja baada ya mwingine. Kisha pima kwa uzi: funga uzi kwenye sikio la nyuma la kulia, pale ekseli inapokaa, upeleke mbele uzunguke kichwa cha fremu, urudi hadi sikio la kushoto, ukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la fremu linaloingia siti, kulia na kushoto. Ikitofautiana zaidi ya milimita 1, upande mmoja umekwenda zaidi, rudisha. Fremu ya aluminiamu usiifanyie hivi.

Breki

Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, raba huteleza kama sabuni. Kuanzia Novemba hadi Aprili huku juu hiyo ni kila siku. Dawa ya kweli ni rimu ya aluminiamu, walau ya mbele. Ukiweka gurudumu la 622 mahali pa 630, raba zishuke milimita 4. Hakikisha mipasuo ya breki inafika. Vile viwenzo vya ziada vilivyo chini ya mlalo wa usukani wa kondoo vitoe, havivuti waya hadi mwisho.

Badilisha waya na ganda lake pamoja. Ganda likatwe wima, ncha ipigwe tupa. Likichongoka, breki inakuwa kama sponji. Wajapani huweka breki ya mbele mkono wa kulia, kwa hiyo anayepanda baiskeli yako ajulishwe.

Breki ya mkanda ya nyuma hulia kama mbuzi. Usiipake mafuta ili inyamaze. Fungua, piga msasa mkanda na ngoma, na kama mkanda umekwisha nunua mwingine. Ile ya rola inataka grisi yake maalumu, na kwenye mteremko mrefu hupata moto ikalegea.

Rangi na mzigo

Kama rangi ya asili ipo, safisha tu na uipake nta. Ukipaka upya, toa kutu hadi chuma king'ae, praima, kisha rangi ya gari, huku ukifunika nyuzi zote na nembo ya kichwa. Ndani ya mabomba mimina oili ya injini kidogo, geuzageuza fremu, iache ichuruzike.

Karia ya Kijapani imepigwa muhuri: CLASS 18 ni kilo 18, CLASS 25 ni kilo 25. Gunia la viazi halimo humo. Ukitaka kubeba, tengenezewa karia ya nondo yenye miguu inayoshuka hadi ekseli ya nyuma. Usichomelee chochote kwenye mabomba membamba ya kromoli.

Barabarani

Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena bolti za mikono ya pedeli. Mkono wa aluminiamu ukiendeshwa umelegea siku mbili, tundu lake linakuwa duara na hautashika tena. Gusa spoku mbilimbili. Inayolegea ikazwe robo ya mzunguko.

Mlima Nyoka na kushuka kutoka Kawetire, punguza mwendo kabla ya kona, bana na achia, kwa zamu mbele na nyuma. Malori ya Tunduma yakikupita, upepo wake hukuvuta kwanza halafu hukusukuma: shika usukani kwa mikono yote, na usishuke kwenye kingo ya lami kwa mwendo. Ukungu ukishuka, taa ya nyuma iwe ya betri, kwa kuwa ya dainamo huzimika ukisimama.

Ukifika umelowa chepechepe, toa siti na bomba lake, pindua baiskeli, acha maji yatoke. Pangusa cheni, tia mafuta tone kwa kila pingili, na urudishe bomba la siti likiwa na grisi mpya.