Kanuni ya uchaguzi inapobagua kwa asili: namna ya kuipinga ukiwa Mtwara au Lindi

Ukanda wa mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, una Wamakonde ng'ambo zote mbili za mto. Ndiyo maana swali la "asili yako wapi?" linaweza kumnyima mtu kura hata kabla ya siku ya uchaguzi. Mwongozo huu ni wa wasaidizi wa kisheria na viongozi wa jamii wa Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Nachingwea na kwingineko wanaotaka malalamiko ya namna hiyo yasimame mahakamani.

Kwanza tenganisha mambo mawili: kanuni yenyewe inabagua, au mwandikishaji ndiye anayeitumia kwa ubaguzi? Ukikosea hapa, shauri linaharibika mapema.

Kama tatizo ni mwandikishaji, usikimbilie Mahakama Kuu. Jina likikataliwa, au likiwekewa pingamizi daftari la awali la wapiga kura linapobandikwa, nenda kwa afisa mwandikishaji na udai uamuzi kwa maandishi. Usiporidhika, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya. Siku zenyewe ni chache, kwa hiyo uliza siku ya mwisho papo hapo na uiandike nyuma ya karatasi ya uamuzi.

Kama ni kanuni au kifungu cha sheria, msingi ni Katiba ya 1977. Ibara ya 5 inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara ya 13(5) inataja ubaguzi wa utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, rangi na mengineyo. Kwa wilaya zetu, hayo maneno "pahala walipotokea" ndiyo yenye uzito kuliko yote. Yasikose kwenye hati yako. Ibara ya 30(3) ndiyo inayofungua mlango wa Mahakama Kuu, na utaratibu wake uko kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3. Masijala ya Mahakama Kuu iliyo karibu iko Mtwara mjini. Ulizeni hapo mapema kama hati za shauri la aina hii zinapokelewa papo hapo. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Marekebisho ya Sura ya 3 ya mwaka 2020 yaliufanya mlango kuwa mwembamba; ulizeni kwanza kama masharti yake bado yanatumika. Yalimtaka mwombaji aapishe hati ya kiapo inayoonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na awe amemaliza kwanza njia nyingine zote za kisheria. Kwa masharti hayo, asasi inayosema "tunawatetea wananchi" haikutosha. Mtafuteni mtu mwenyewe aliyekataliwa, mwenye karatasi ya kukataliwa na nakala ya uamuzi wa rufaa. Bila karatasi hizo, mawakili wa Serikali wanaweza kuweka pingamizi la awali, na shauri likafutwa kabla ubaguzi wenyewe haujaguswa.

Kiapo ndicho kinachobeba shauri, na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Kiandikwe kwa mambo mtu aliyoyaona na kuyasikia, si hoja. Sentensi kama "nilibaguliwa kinyume cha Katiba" ni ya wakili kuisema mahakamani; ikikaa kwenye kiapo inaweza kuondolewa. Tuseme tangazo la kituo linawataka baadhi ya watu walete hati ya kuzaliwa ya babu. Kiapo kizuri kitasema: "Nilifika kituoni saa nne asubuhi nikiwa na cheti changu cha kuzaliwa. Mwandikishaji aliniangalia chale za usoni, akaniambia nilete cheti cha babu. Aliyenifuata kwenye foleni hakuwa na chale, naye hakuulizwa cha babu." Hiyo sentensi ya mwisho isiachwe kamwe. Ubaguzi unathibitishwa kwa kulinganisha, na asiye na wa kujilinganisha naye amebaki na usumbufu tu. Mwishoni pawepo mahali na tarehe ya kuapa. Mzee asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, na jambo hilo liandikwe humo humo.

Ambatisheni picha ya tangazo inayoonyesha muhuri, sahihi na tarehe, pamoja na jedwali la wote walioguswa: kijiji, tarehe ya kufika, hati aliyokuwa nayo, alichoambiwa.

Msikate tamaa kwa sababu kanuni haitaji kabila. Oklahoma, Marekani, waliweka mtihani wa kusoma kwa wapiga kura, wakawasamehe wale ambao wao au wazee wao waliruhusiwa kupiga kura tarehe 1 Januari 1866. Rangi haikutajwa popote, lakini watu weusi karibu wote walikuwa bado hawana kura siku hiyo. Mwaka 1915, katika shauri la Guinn, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliibatilisha kanuni hiyo. Sisi wenyewe tulipitia kanuni iliyotaja rangi waziwazi: kura tatu za 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu.

Shauri la kwetu la kulisoma kwa makini ni la Ndyanabo, 2002. Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichomtaka mlalamikaji wa uchaguzi aweke shilingi 5,000,000 kwanza, kwa kuwa kiliwafungia nje wasio na fedha. Mahakama ilieleza pia kwamba sheria huchukuliwa kuwa halali mpaka mlalamikaji athibitishe vinginevyo, ila Serikali ikijitetea kwa kizuizi kilichomo kwenye Katiba, mzigo unaihamia.

Jihadharini na Ibara ya 74(12), inayozuia mahakama kuchunguza mambo ambayo Tume ya Uchaguzi imeyatenda kwa mujibu wa Katiba. Elekezeni ombi lenu kwenye kifungu cha sheria na mkitaje kwa namba. Jueni pia kwamba Ibara ya 30(5) inaruhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha badala ya kubatilisha. Ombeni muda huo uwe na tarehe, uishe kabla daftari halijafungwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua shauri la Mtikila dhidi ya Tanzania, kuhusu mgombea binafsi, mwaka 2013, lakini tangu Novemba 2020 mtu binafsi au asasi haiwezi kufungua huko shauri jipya dhidi ya Tanzania.

Shauri likiwa linaendelea, waliokataliwa waendelee kufika kituoni kila uandikishaji unapofunguliwa, na kila karatasi mpya ya kukataliwa iongezwe kwenye jedwali siku hiyo hiyo.