Kuandika shajara (mti wa ukoo) ya mtoto mwenye asili nyingi

Mtoto wa Unguja au Pemba anaweza kuwa na bibi Mtumbatu, babu Mshihiri (Mwarabu wa Hadhramaut), na mama wa bibi aliyetoka Unyamwezi. Akiulizwa kabila hutaja moja, kwa kawaida la baba. Waliobaki nao ni wake, na shajara ndipo mahali pa kuwaweka.

Chukua karatasi ya manila. Jina la mtoto liwe chini katikati, kisha panda juu: wazazi 2, mababu na mabibi 4, wazazi wao 8. Kabla hujaandika mtu, gawa karatasi sawasawa, nusu ya kuumeni na nusu ya kukeni. Usipogawa, upande wa baba utaimeza karatasi, maana majina yetu hufuata baba. Fatma Juma Khamis amekwishakutajia babu yake. Mama yake Juma hayumo popote.

Kwa kila mtu andika jina lake na la baba yake, alikozaliwa, alikozikwa, na lugha aliyosema nyumbani.

Anza kwa bibi mkubwa kuliko wote, baada ya alasiri. Usimuulize, "Sisi kabila gani?" Jibu la swali hilo hubadilika na zama: baina ya sensa ya 1924 na ya 1931, watu wengi walioandikwa Waswahili waliandikwa kwa jina jingine. Muulize mambo aliyoyaona: "Bibi, mama yako akizungumza lugha gani na ndugu zake? Sikukuu akipika nini? Nani alimuozesha?" Mwaka hataujua, lakini atajua kama siku ya Mapinduzi ya 1964 alikuwa bado akisoma chuo cha Kurani au keshaolewa.

Pagumu ni utumwa. Ulifutwa kisheria mwaka 1897, kwa hiyo mtumwa huangukia kizazi cha tano au sita, juu ya wale 8, ukimhesabu mtoto wa leo kuwa wa kwanza. Mtoto wa suria, yaani mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, akikubaliwa na baba alikuwa huru na akirithi. Jina la baba likabaki, la mama likapotea. Jina kama Mabruki au Feruzi, lisilofuatwa na la baba, ni dalili tu, si ushahidi. Uliza faraghani, wala usimbane mzee. Akinyamaza, andika "hajulikani" na uache nafasi. Kuijaza kwa Uarabu au Ushirazi (asili ya Uajemi) wa kubuni ni kumfuta bibi huyo mara ya pili, na hilo tusilikubali.

Mfunze mtoto kujibu kwa mahali: "Baba kwao Tumbatu, mama kwao Wete, bibi yake katoka Ngazija."

Kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, nenda baada ya wazee, ukiwa na jina kamili, mtaa na mwaka wa kukisia. Salum bin Ali bila mtaa watatokea wengi, na hutojua wako ni yupi.