Unatumwa misheni ng'ambo? Panga ya nyumbani kwanza

Ndugu mnaotumwa ng'ambo kutoka Tanga, kaeni na familia kabla ya ibada ya kuagwa. Kinachogombanisha nyumba nyingi ni hela zote kupita mkono mmoja: ada, dawa, chakula. Zikichelewa, lawama zinaanza. Gawa. Ada iende moja kwa moja akaunti ya shule. LUKU ya nyumba ya Pongwe nunua mwenyewe huko uliko, utume tokeni. Dawa za presha za mama zichukuliwe za mwezi mzima, na mtu mmoja ahesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya siku 7, akujulishe.

Laini yako ya Tanzania iwashe rominga kabla ya kupanda ndege. Namba ya uthibitisho ya benki huja humo. Ukiikosa, hela yako mwenyewe huigusi.

Kwa aliye Brasília, saa 2 usiku ya Tanga kwake ni saa 8 mchana. Muda huo uwe wa watoto, na kanisa mwenyeji liujue. Tena, muulize anayekutuma: mzazi akizidiwa, tiketi ya kurudi analipa nani? Jibu liwe kwenye maandishi.