Kuomba fildi ukiwa bado sekondari: mwongozo kwa wanafunzi wa Dodoma

Mwenye karakana au ofisi anapomkataa mwanafunzi anayeomba fildi, yaani nafasi ya kujifunza kazi kwa vitendo, huwa kuna maswali ambayo hayajapata majibu kichwani mwake. Huyu ni mtoto wa nani? Akiumia, nitamweleza nani? Atakula wapi? Anakaa mpaka lini? Na mbona kaja saa hizi wenzake wako darasani? Kwamba hujui kazi hilo analijua tangu ulipobisha hodi, na wala halimsumbui. Kila karatasi ninayoitaja hapa chini inajibu swali moja kati ya hayo, kwa hiyo usiichukulie kama urasimu wa kukuchosha.

Walio katika mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza kufundishwa sekondari Januari 2024, waulize shuleni kwanza. Kwao vitendo ni sehemu ya masomo, na huenda mwalimu ana mahali tayari. Wengine wote, anzeni hapa.

Hatua ya kwanza: pima muda wako

Aliye bado shuleni ana likizo ndefu mbili tu, ya Juni na ya Desemba. Aliyemaliza kidato cha nne ana uwanja mpana zaidi, maana mtihani wa taifa hufanyika Novemba na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo miezi ya katikati wengi huimalizia nyumbani wakisubiri matokeo, kisha wakisubiri TAMISEMI iwapangie shule.

Angalia pia msimu wa kazi yenyewe. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka kwenye Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Anayeomba shamba la mizabibu Hombolo kwa likizo ya Juni atajifunza kazi nyingine za shamba, mavuno hatayaona. Aliyemaliza kidato cha nne anayapata. Kwa ujenzi mambo ni kinyume: mvua zetu hunyesha kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, kwa hiyo Juni ndipo saiti zimechangamka.

Hatua ya pili: chagua mahali, na ujue nani anaandikiwa

Hapa ndipo barua nyingi hupotelea. Wanafunzi wengi wakisikia fildi wanaiwaza Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Sikukatazi, lakini kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye wiki tatu mkononi, wizarani utaishia kubeba mafaili na kupiga kopi. Karakana ya Kizota, duka la ushonaji, gereji au steshenari yenye kazi nyingi itakufundisha zaidi katika wiki hizo hizo.

Ukiamua kuomba serikalini, barua ya wizara anaandikiwa Katibu Mkuu, si Waziri. Zahanati na vituo vya afya vya serikali mjini viko chini ya Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo anaandikiwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma. Ukimpelekea muuguzi mkononi atakurudisha. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa anaandikiwa Mganga Mfawidhi. Na huko hospitali tegemea kuangalia na kusaidia mambo madogo ya mapokezi. Mgonjwa hutamgusa, na faili lake hutalisoma.

Kwa fundi binafsi, ulizia jina la mwenye karakana kabla hujaandika. Barua iliyoandikwa “kwa yeyote anayehusika” humfanya kila mtu pale aone haimhusu.

Hatua ya tatu: barua za watu wengine

Unahitaji tatu. Ya kwanza ni ya Mkuu wa Shule, yenye muhuri, inayosema wewe ni mwanafunzi wake, uko kidato gani, na kwamba tarehe hizo shule imefungwa. Iombe kabla shule haijafunga. Ukisubiri likizo ianze, mkuu atakuwa amesafiri na muhuri umefungiwa kabatini.

Ya pili inatoka Serikali ya Mtaa unapoishi. Mwenyekiti au Afisa Mtendaji wa Mtaa atakuandikia utambulisho. Nenda na mzazi au na mtu anayefahamika mtaani, pamoja na picha za paspoti. Hii ni muhimu hasa kwa sababu aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha NIDA, na mwajiri anataka mahali pa kuanzia kukutafuta simu yako isipopatikana.

Ya tatu ni ridhaa ya mzazi au mlezi. Iandikwe kwa mkono, isainiwe, na iwe na namba ya simu inayopokelewa. Mzazi aandike pia kama una pumu, kifafa au mzio wowote. Familia nyingi huficha haya zikihofia mtoto kukataliwa. Ubaya wake huonekana siku mtoto anaanguka karakanani na hakuna anayejua afanye nini.

Hatua ya nne: barua yako mwenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Kosa linaloniudhi ni barua inayosema “naomba nafasi katika ofisi yako ili niongeze ujuzi”. Ujuzi gani? Mfano unaofaa ni huu:

Fundi Mkuu,
Karakana ya (jina),
Kizota, Dodoma.

Kupitia kwa: Mkuu wa Shule.

YAH: MAOMBI YA KUJIFUNZA KAZI ZA WAYARINGI KWA WIKI TATU ZA LIKIZO YA JUNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, nina umri wa miaka 16. Darasani nimesoma umeme katika Fizikia, lakini sijawahi kuona nyumba ikifungwa waya. Ninaomba kujifunza kwa kuangalia na kusaidia, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nauli na chakula nitajigharamia. Siombi malipo. Nimeambatanisha barua ya shule, ya Serikali ya Mtaa na ya ridhaa ya mzazi.

Niko tayari kufika kwa maelezo siku utakayonipangia.

Wako mtiifu,
(jina, saini, tarehe, simu ya mzazi)

Sentensi ya nauli na chakula iandike tu kama ni kweli. Kama nyumbani hali ni ngumu, tafuta mahali pa kutembea kwa miguu badala ya kuahidi halafu ukaanza kukosa siku ya nne.

Hatua ya tano: kupeleka

Toa kopi mbili. Ofisi za serikali hupokelea barua masjala: wape moja, na ile nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Ukifuatilia bila kopi hiyo utaambiwa barua haijaonekana, na huna la kusema.

Kwa fundi nenda asubuhi mapema kabla wateja hawajajaa, ukiwa na sare ya shule au nguo za heshima. Mwamkie kila utakayemkuta, hata saidia fundi. Mara nyingi huyo ndiye atakayekufundisha. Usimwachie barua ukaondoka. Mwombe dakika mbili umweleze kwa mdomo, kwa sababu wengi watakujibu palepale. Akisema “njoo wiki ijayo”, uliza siku gani.

Kabla ya kuanza kazi

Kaeni watatu, wewe, mzazi na mwenye karakana, mkubaliane kwa maandishi hata kama ni nusu ukurasa. Mafundi wengine hutoza ada ya kufundisha. Si jambo geni, ila kiasi kijulikane mapema na kiandikwe. Andikeni saa za kazi, nani anakusimamia, na vifaa usivyoruhusiwa kushika peke yako.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kazi za hatari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamkataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo fundi akikwambia mrudi usiku kumalizia saiti ya mteja, una haki ya kukataa. Kuchomelea, grainda na kupanda ngazi ndefu, waachie wenye kazi yao. Na mzazi, siku ya kwanza ifike karakana uione kwa macho yako. Kwa mtoto wa kike hasa, jua ni nani wengine wanaoshinda pale na mlango unafungwa saa ngapi.

Daftari na barua ya mwisho

Kila jioni andika mistari michache. “Leo tumefunga waya” haikusaidii. Andika hivi: “Soketi tumetumia waya wa 2.5 mm², taa 1.5 mm². Nimeuliza sababu, fundi akasema soketi hubeba mzigo mkubwa, waya mwembamba ungepata moto.” Ukienda chuo cha ufundi cha VETA baadaye, au ukiomba nafasi kwingine, hayo ndiyo utakayoulizwa.

Siku tatu kabla ya kumaliza, mwombe msimamizi akuandikie uthibitisho: jina lako, tarehe ulizokaa, kazi ulizofanya, saini na muhuri. Mafundi wengi hawapendi kuandika, kwa hiyo nenda na rasimu uliyoichapa tayari, aisome, arekebishe, asaini. Toa kopi siku hiyohiyo. Halisi ibaki nyumbani na cheti chako cha kuzaliwa. Kokote utakakoomba tena, peleka kopi.